Bei Ilipanda, Sisi Tukasema Hapana

Siku bei ya hisa za kampuni yetu ilipopanda, wenzangu pale kwenye idara ya kufungasha sabuni walipiga makofi. Mimi nilipiga teke katoni. Msimamizi akaniuliza kama nimepagawa. Nikamjibu waliopagawa ni hao wanaoshangilia, na ilibaki kidogo nipewe barua ya onyo.

Kiwanda chetu kiko Kihonda, hapa Morogoro. Tunatengeneza sabuni za kufulia na mafuta ya kupikia, na kampuni yenyewe iko kwenye soko la hisa, maana yake mtu yeyote mwenye hela yake anaweza kununua kipande. Miaka yote bei ilikuwa imelala pale pale. Halafu asubuhi moja tukasikia kampuni kubwa ya Dar, nayo ya sabuni na mafuta, inataka kuungana na sisi. Kabla ya chai ya saa nne bei ilikuwa imeruka, na watu waliokuwa hawajui hata hisa ni nini wakaanza kuniuliza ni mnyama gani huyu anapanda hivi.

Waliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najifanya najua. Shule niliishia kidato cha nne na matokeo yake sitaki kuyazungumzia. Haya mambo nilijifunza mwenyewe kwenye simu, wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya magunia ya chumvi nasoma ripoti za makampuni. Kuna wiki nilirudia ukurasa mmoja mara sita mpaka ukaeleweka. Kwa hiyo siku ile nilipoona tangazo sikuangalia bei kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile sehemu ndogo ya chini, wanakoeleza kwa nini wanataka kuungana. Iliandikwa: kupunguza gharama zinazojirudia.

Sasa kaa chini ufikirie. Wao wana kiwanda cha sabuni Dar. Sisi tuna kiwanda cha sabuni Kihonda. Wao wana mashine za kufungasha, sisi tuna mashine za kufungasha. Kinachojirudia hapo ni nini? Ni mimi. Ni mimi na yule dada wa zamu ya pili na mzee wa mizani na wote waliokuwa wanapiga makofi. Soko lilifurahi kwa sababu lilipiga hesabu ya kampuni bila sisi, likaona imependeza.

Niliwaambia hivyo hivyo. Jamaa mmoja akacheka: "Mchumi wa magunia ya chumvi! Hebu acha uchuro." Nikamwambia tutaonana getini siku linapofungwa.

Jumamosi nikachukua pikipiki, nikapita Mlali, nikapanda mlimani kwa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mtu wa boila kiwandani kwetu kwa maisha yake yote ya kazi. Ndiye aliyenitafutia nafasi pale. Kampuni ilipouza hisa kwa mara ya kwanza, wafanyakazi waliuziwa kwa bei nafuu, na yeye alinunua. Lakini hakuishia hapo. Alipanda huku juu akawakalisha wanawake wa ukoo wote, akawaambia hiki ni kitu cha kutunza. Wakatoa hela za karoti na kabichi, kila mmoja akanunua hisa chache kwa jina lake, yeye akiwapeleka kwa wakala mjini mmoja mmoja kama watu wanaokwenda kuchanjwa.

Na hapa lazima uelewe sisi Waluguru. Kwetu ukoo ni wa mama, tunauita lukolo, na shamba la lukolo huliuzi. Unalima, unakula, unawaachia watoto wa dada zako. Wale mama zangu walizichukua hisa wakazitia kwenye fungu hilo hilo. Miaka yote hakuna aliyeuza hata moja. Na kwenye jambo lolote la lukolo, msemaji ni mjomba. Hata dada zake waliomzidi umri humwita Mjomba, kwa sababu ni mjomba wa watoto wao. Mimi ni mmoja wa watoto hao, na mtu akimsema vibaya mjomba wangu mbele yangu, tutagombana hata kama ni msikitini au kanisani.

Nilimkuta anafunga uzio wa bustani. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote. Hakuacha kufunga uzio.

"Kwa hiyo wananunua kwa hela?" akauliza.

"Hapana, Mjomba. Hapo ndipo penye ujanja. Hawatoi hela. Wanatoa hisa zao. Hisa zetu tatu, tunapewa moja ya kwao."

"Na hiyo yao ina thamani gani?"

"Siku walipotangaza ilikuwa kubwa. Siku hiyo hiyo ikaanza kushuka. Mpaka jana bado inashuka."

Akainua uso. "Ya kwetu inapanda, ya kwao inashuka?"

"Ndiyo. Wenye hisa zao wanaona kampuni yao inatununua ghali. Na kwa kuwa tutalipwa kwa hisa hizo hizo, kila zikishuka, na tulichoahidiwa kinasinyaa."

"Mimi nikichumbia na ndugu zangu wakaanza kununa," akasema, "wakwe watashtuka."

Nikamwambia kitu cha pili. Tangazo lilitaja mkutano wa wenye hisa, hapo hapo Morogoro mjini. Ili muungano upite lazima robo tatu ya hisa zitakazopigiwa kura ziseme ndiyo. Wakubwa waliokubali walikuwa na nyingi, ila hazikufika robo tatu ya hisa zote. Lakini hesabu inafanywa kwa zile zinazopiga kura tu. Wadogo wakikaa kimya nyumbani, wakubwa wanapita. Wadogo wakija wakasema hapana, inakwama. Na anayeuza hisa yake sasa, anauza na kura yake.

"Na ikikwama bei inakuwaje?"

Sikumdanganya. "Inarudi ilikotoka. Labda na chini zaidi."

Hapo ndipo alipoacha uzio. Ilikuwa shughuli nzito ile, na ninajua niliomba kitu gani. Wale wanawake walinunua kwa neno lake. Sasa kwa mara ya kwanza hisa zao zilikuwa na bei ya maana, na mimi nilikuwa namtaka awaambie wasiuze na wasikubali, ili kiwanda kisifungwe. Kikifungwa, mimi nakosa kazi na wengine wengi. Kisipofungwa, wao wanakosa bei.

Aliwaita Jumapili baada ya misa. Wakakaa uwanjani kwa mama yangu mkubwa, yeye ndiye mkubwa wa wote. Nilieleza kwa nusu saa nikitokwa jasho. Mama yangu mdogo akanikatisha. Huyu ana nyumba ambayo kuta zilisimama zamani, bado bati tu.

"We mtoto, nieleze vizuri. Leo nikimpigia yule wakala, napata hela ya bati?"

"Unapata, mama mdogo."

"Na nikikusikiliza wewe?"

"Kiwanda kinabaki."

"Kiwanda nitalala chini yake?"

Watu wakacheka. Mimi nikapandisha: "Basi uzeni! Uzeni, halafu sabuni mtakuja kununua Dar!"

"Shusha sauti," mjomba akasema. "Unaongea na mama zako."

Mama mkubwa akauliza swali moja tu: kiwandani wako watoto wa lukolo wangapi? Tukahesabu, saba. Akasema, "Basi hilo ni shamba lenye watu ndani. Haliuzwi." Wengine wakaitikia. Mama mdogo hakuitikia, lakini hakumpigia wakala. Mjomba alikwenda kukaa naye peke yake jioni ile, na sijui alimwambia nini. Najua tu kwamba hisa zake hakuziuza, na kwamba wiki ile ndiyo bei ilifika juu kabisa.

Kuteremka mjini wanawake thelathini na kitu siku ya kazi si mchezo, kwa hiyo tukaamua kutumia fomu za uwakilishi. Mwenye hisa anajaza jina la mtu atakayepiga kura kwa niaba yake, anasaini, basi. Binti mmoja wa sekondari akapita nyumba kwa nyumba na kalamu. Mimi nikazichukua zote, nikazikagua moja moja juu ya tangi la pikipiki. Namba ya kitambulisho ipo. Saini ipo, au dole gumba. Nikaridhika, nikazipeleka ofisini siku ya mwisho ya kupokea, nikarudi kazini kifua mbele.

Kesho yake nikaitwa na dada wa ofisi ya katibu wa kampuni. Ameweka rundo langu mezani.

"Kaka, hizi fomu zimekataliwa."

"Kwa nini?"

"Jina la mwakilishi. Zote zimeandikwa Mjomba."

"Ndiyo. Mjomba ndiye atakayewawakilisha."

"Mjomba nani?"

"Mjomba. Mjomba wao."

"Mjomba wa nani sasa? Huyu anasema Mjomba, huyu anasema Mjomba, huyu mama ana miaka themanini, naye anawakilishwa na mjomba wake?"

Nilizikagua zote na sikuona kosa, kwa sababu kwangu pia ni Mjomba. Binti aliuliza nani atakuwakilisha, kila mmoja akajibu Mjomba, akaandika Mjomba, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba nje ya milima ile kuna wajomba wengine. Nikaomba nizijaze upya. Akasema muda wa kupokea fomu umeisha jana. Nikapiga meza. Nikasema maneno. Mlinzi akaja akanishika mkono, akaninong'oneza, "Dogo, utapoteza kazi kabla hata hawajaifuta."

Mlangoni yule dada akaniita. Alikuwa na huruma, nakiri, ingawa nilikuwa nimemfokea.

"Fomu zimekataliwa, watu hawajakataliwa. Mwenye hisa akija mwenyewe na kitambulisho chake, anapiga kura."

Mkutano ulikuwa kesho yake asubuhi.

Nikampigia mjomba. Nilitegemea atanichamba. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe huko mjini mimi si mtu," akasema. Kisha: "Fuso la mboga linashuka alfajiri. Kesho halitabeba mboga."

Na kesho yake ilikuwa siku ya soko. Karoti zilikuwa zimeshang'olewa. Naomba hilo lisipite hivi hivi: waliacha karoti zilizong'olewa.

Walifika kabla ukumbi haujafunguliwa. Fuso likasimama mbele ya magari ya wakubwa, wakashuka mmoja mmoja, wengine wakishikwa mkono, kanga za misa, vitambulisho mkononi. Mama mdogo wa bati alikuwamo. Wastaafu wa kiwandani walikuwa wamejikusanya getini bado wanajadiliana waingie au waende zao. Walipomwona mtu wao wa boila na jeshi lake wakaanza kumpigia kelele: "Mzee wa mvuke! Umewaleta wake zako wote?" Naye: "Hawa dada zangu. Wake zenu wako wapi, au mmewaogopa?" Wakaingia wote.

Ndani, mshauri mmoja wa suti kutoka kampuni ya Dar akatuonyesha picha ukutani kwa muda mrefu. Ufanisi, nguvu ya pamoja, thamani kwa mwenye hisa. Nilijizuia, Mungu anajua. Aliposema soko limeupokea muungano vizuri sana nikasimama. Mimi nina hisa chache nilizojinunulia kwa simu, haki ya kusimama ninayo.

"Soko lipi? Hisa zenu nyie zimeshuka toka siku mliyotangaza! Kama harusi ni nzuri, mbona bwana harusi anakonda?"

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti akagonga meza. Meneja wangu, aliyekaa mstari wa mbele, akageuka akaniangalia kwa muda kama anayehifadhi picha yangu.

Mshauri akajibu kwa upole kwamba hisa za mnunuzi kushuka kidogo ni kawaida, na kwamba bei yetu sokoni inaonyesha imani. Nikamwambia hapana. Bei yetu imepanda lakini haijafika thamani waliyoahidi, iko chini yake mpaka leo. Wanaonunua hisa zetu sokoni wanaacha hapo katikati nafasi, wakiogopa muungano utakwama. Kama wana imani, hiyo nafasi ni ya nini? Akaangalia karatasi zake. Nilikuwa na mengine kumi ya kusema.

"Kaa chini, mpwa wangu," sauti ikatoka nyuma. Nikakaa.

Mjomba alisimama taratibu. Akavua kofia. "Mimi nilikuwa naendesha boila. Nina swali dogo. Umesema mtapunguza gharama zinazojirudia. Hizo gharama ziko wapi kwa sasa?"

"Ziko kwenye shughuli za uendeshaji, mzee wangu."

"Zinakuja kazini saa ngapi?"

Mshauri akatabasamu, hakuelewa.

"Nakuuliza kwa sababu moja ni yule aliyesimama sasa hivi. Anakuja saa moja kamili. Nyingine sita ni watoto wa hawa mama. Tumekuja kuwaambia kwamba kwetu hawajirudii."

Akakaa. Tukapewa karatasi za kura. Mama mkubwa aliishika yake mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, akaniuliza kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Hapana iko upande gani?"

Kuhesabu kulichukua mpaka adhuhuri ikapita. Mwenyekiti akasoma kwa sauti kavu: kura za ndiyo hazikufikia robo tatu. Zilipungua kidogo. Sisemi ni sisi wa mlimani peke yetu tuliofanya hivyo. Hisa zetu zilikuwa chache, wastaafu walikuwa na nyingi zaidi. Lakini nilikuwa getini asubuhi ile na niliona nani aliingia kwa sababu ya nani. Vigelegele vilipigwa mle ndani ambavyo ukumbi ule wa mikutano haujawahi kuvisikia.

Kesho yake asubuhi bei ikaanguka. Haikuishia ilikoanzia, ilipita ikaenda chini zaidi, kwa sababu wale walionunua kwa kutegemea muungano walikuwa wanakimbia wote kwa mlango mmoja. Nilijua itakuwa hivyo. Nilikuwa nimemwambia mjomba. Lakini kujua kitu na kukiona kwenye simu yako, nyekundu, si sawa.

Wenzangu kazini hawakupiga makofi wala hawakuanzisha ugomvi. Yule jamaa wa uchuro alinisukumia chupa ya soda. Meneja alinihamishia zamu ya kubeba magadi, kazi ya kuunguza mikono, na hakutoa sababu. Nabeba mpaka leo. Niko hapo.

Jumamosi nikapanda tena. Nikawakuta mtoni wanaosha karoti za wiki ile, miguu ndani ya maji, mjomba naye kakunja suruali anaosha, jambo ambalo mwanamume wa umri wake halifanyi kwetu. Hakuna aliyemwambia aoshe.

Nikasema, "Jamani, bei imeshuka."

"Tumesikia," mama mkubwa akasema. "Kiwanda?"

"Kipo."

"Basi."

Haikuwa basi kwa wote. Mama mdogo aliweka chini karoti. "Bati langu liko wapi?" Hakuniuliza mimi. Alimwangalia mjomba.

"Mimi ndiye niliyekwambia usiuze," mjomba akasema.

"Hapana," nikadakia, "ni mimi niliyemtuma. Ukitaka kugomba, gomba na mimi. Na ningerudia leo, ningesema yale yale."

"Hata pole hunipi?"

"Pole nakupa, mama mdogo. Samahani sikupi. Sikukosea."

Mjomba akanikemea kwa ukali ambao hajawahi kunitolea mbele za watu. Sikufuta neno. Nilivua viatu nikaingia mtoni, nikaosha karoti za mama mdogo mpaka zikaisha, naye hakunizuia wala hakunisemesha.

Nyumba yake bado kuta tupu. Kila nikipanda nampitia kwanza. Namwamkia, anaitikia marahaba huku anaangalia pembeni. Wanasema ile kampuni ya Dar inajipanga kurudi na ofa nyingine. Wakirudi, mlango wa kwanza nitakaogonga ni wake, na nitamwomba tena asiuze.